Pikipiki ya Pembe Ndefu Hadi Buhinyuza

Vuta kigoda ukae hapa karibu na cherehani, msikilizaji wangu, maana nimechoka kusimulia habari hii vipande vipande. Mwenye duka la vocha nilimpa mwanzo, muuza maziwa nikampa katikati, na sasa mtaani kwetu Gitega zinatembea safari tatu tofauti, na katika mojawapo nimeolewa. Leo nasimulia yote, kutoka karakana hadi juu ya kilima, ili kila aliyeniuliza "Konso, ilikuwaje?" apate jibu moja.

Kwa asiyenijua: mimi ni Consolata, nashona viti vya pikipiki. Nilikulia kambini Tanzania, upande wa Kigoma, ndiyo maana watu wa Gitega husema Kiswahili changu ni cha redio. Mwenzangu wa safari ni Idi, fundi wa kuchomelea, mtoto wa hapa hapa, Mwislamu wa ukoo wa mafundi tangu babu yake. Karakana zetu zimepakana ukuta. Yeye anaunga vyuma, mimi navivalisha. Idi haiti pikipiki pikipiki. Anaiita moto, kama Kifaransa kilivyowafundisha watu wa mjini, na usimkosoe, atakukosoa wewe.

Mashine yenyewe

Pikipiki hii ni ya Ezekieli, mbeba abiria wa Buhinyuza, huko Muyinga karibu na mpaka wa Tanzania. Lori lilimgonga, na mguu wake wa kushoto, kuanzia goti kwenda chini, haukurudi kuwa mguu wa kazi. Anatembea na gongo, kifundo hakikunji. Pikipiki nayo ililetwa kwa Idi ikiwa imepinda hata usingejua mbele ni wapi.

Sasa sikiliza kwa nini mguu wa kushoto ni jambo kubwa. Kwenye pikipiki ya kawaida, mguu huo ndio unaobadili gia, chini na juu, siku nzima. Mkono wa kushoto unavuta klachi, yaani unaitenga injini na gurudumu kwa muda mfupi ili gia ipite bila kusaga meno. Mkono wa kulia una mafuta na breki ya mbele, mguu wa kulia una breki ya nyuma. Ni kama wapiga ngoma wanne: mmoja akiacha, mdundo wote unavunjika.

Idi alilifikiria jambo hilo kwa majuma, kisha akaja na jawabu aliloliona kwenye picha za zile pikipiki ndefu za Marekani ziitwazo chopa. Mtu wa Tanzania akisikia chopa anatazama juu kutafuta helikopta, lakini hii haipai. Baadhi ya chopa hubadilishwa gia kwa mkono, kwa fimbo iliyosimama kando ya tangi. Idi akachomelea fimbo ya namna hiyo upande wa kushoto, na juu yake akafunga kishikio cha klachi chenyewe. Kwa hiyo mkono mmoja unafanya kazi mbili: unaminya, unasukuma, unaachia. Nilipomwona akijaribu mara ya kwanza nilidhani anakamua ng'ombe.

Alipokwisha kuanza, hakuna aliyeweza kumzuia. Alirefusha ile miguu miwili ya mbele inayoshika gurudumu. Alishusha kiti chini kabisa, ili Ezekieli akisimama, wayo wote wa kulia ukae ardhini. Usukani aliupinda juu na nje kama pembe za inyambo, wale ng'ombe wetu wa kifahari. Taa ya mbele aliitoa kwenye lori la kahawa ambalo baba yake alilihangaikia maisha yake yote. Bati la kuzuia matope lilikatwa kwenye boneti ya Pejo kuukuu iliyowahi kubeba maharusi wa nusu ya Gitega. Mimi nikashona kiti cha kahawia, mshono wa pembe tatu juu ya pembe tatu, kama michoro ya vikapu vya mama zetu.

Nasema bila haya: ilikuwa nzuri. Na haikuwa ya dukani. Kila kipande chake kilikuwa na mtu mtaani wa kusimama na kusema, "Hicho mi nakijua."

Lakini ilitakiwa ifike kwa wakati. Waendesha pikipiki wa Buhinyuza wana umoja wao na mahali pao pa kusubiria abiria, wanapaita parkingi, na kila mmoja ana fulana yenye namba. Tangu ajali, namba ya Ezekieli ilikuwa inamngojea. Walio nje ya umoja walianza kunung'unika kwamba namba inakaa bure, na mkubwa wa umoja, ambaye kila mtu humwita Prezida, akatoa uamuzi: Jumamosi, jua likiwa utosini, Ezekieli apande kilima mbele ya wanachama wote, amebeba abiria. Asipoweza, fulana inakwenda kwa mwingine.

"Dada Konso," Ezekieli aliniambia kwenye simu, "jembe linataka miguu miwili. Pikipiki ndiyo shamba langu."

Kisha akateremsha sauti. Mke wake, Neema, asijue. Neema amezaliwa na kukulia Kigoma, amehamia Burundi juzijuzi tu na mumewe, na baada ya ajali aliapa kwamba hataki kumwona tena juu ya pikipiki. "Nimemwambia nitapata wageni kutoka Gitega, basi."

Habari za karatasi na matayarisho naziruka. Hazina ladha.

Gitega hadi Bugendana

Tulitoka Ijumaa asubuhi, Idi mbele, mimi nyuma juu ya kiti nilichokishona mwenyewe, suruali chini ya kikwembe changu cha kitenge. Mtaa ulitusindikiza kwa maneno.

"Idi! Hiyo ni moto ama ni ngazi?"

"We panda uone!"

"Konso, harusi iko lini?"

"Bon, cheka tu," Idi akajibu kwa niaba yangu. "Ukiona wenzako wanapiga picha nayo, utalia."

Tangi lilikuwa karibu tupu. Mnajua jinsi esanse, yaani petroli, ilivyo adimu siku hizi. Ndiyo maana tulizunguka kwa Bugendana kwanza, kwa rafiki yake Idi aitwaye Nestori, mwenye mashine ndogo ya kusaga mihogo, ambaye alikuwa ametuwekea kidumu. Kwa Nestori barabara inaishia kwenye njia ya miguu kati ya migomba, na Idi, kwa furaha yake, akaingia nayo hadi mlangoni.

Kuingia hakukuwa na shida. Tulipotaka kutoka ndipo tulipojifunza jambo ambalo picha hazisemi. Ukirefusha miguu ya mbele, gurudumu linakaa mbali na wewe, na pikipiki inataka uwanja mzima ili igeuke, kama ng'ombe wa pembe ndefu ndani ya zizi dogo. Upande mmoja migomba, upande wa pili ukuta wa udongo. Idi akapinda, akarudisha, akapinda tena. Pembe ikachoma jani la mgomba na kukaa nalo kama kofia.

Nestori alisimama mlangoni, unga wa mihogo hadi kwenye nyusi. "Sha Idi, umetengeneza moto ya kwenda tu? Kurudi haina?"

"Kurudi iko nayo," Idi akasema, jasho likimtoka. "Ila inataka heshima."

Walikuwapo akina mama waliokuwa wanapura maharage jirani. Wakaacha vijiti vyao, wakaja, wakaizunguka. Mmoja akasema tuibebe tu kama mgonjwa kwenye ingobyi, ile machela ya kienyeji ya kubebea wagonjwa mabegani. Tukainyanyua wote pamoja, kwa wimbo kabisa, tukaigeuza hewani.

"Mgonjwa wenu anakula nini?" akauliza mama mmoja.

"Esanse."

"Yoo! Basi mwandalieni jeneza, huku haipatikani."

Nestori alitujazia tangi, akatulisha maharage na ndizi za kupika, na tukaondoka tukiwa tumeshiba na kuchekwa vya kutosha.

Bugendana hadi Muyinga

Ni kiangazi, na mnajua vumbi la kiangazi. Tulipofika Buhiga, mjini Karuzi, nyusi zetu zilikuwa na rangi moja. Idi alikwenda kuswali Ijumaa, mimi nikabaki kulinda mashine mbele ya kibanda cha mama mmoja muuza chakula.

Alitazama pikipiki, pembe, mishono ya kiti, na lile jani la mgomba lililokuwa bado limening'inia. Kisha akanitazama mimi. Akaleta sahani ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, na ugali, na kipande cha parachichi ambacho sikukiagiza.

"Bibi harusi ale kwanza," akasema. "Mwanaume akitoka kuswali atakula mabaki."

"Mama, mimi si bibi harusi. Mimi nashona viti."

"Ego, ego," akasema, yaani ndiyo, ndiyo, kama anayemridhisha mtoto.

"Kweli. Huyu ni fundi mwenzangu."

"Hata mimi wangu nilimwita hivyo mwanzoni." Akaongeza parachichi.

Waumini walipotoka msikitini hawakwenda makwao. Walikuja kwenye pikipiki. Idi alipata mkutano ambao hata shehe angeutamani. Akaonyesha fimbo ya gia, akaminya, akasukuma, akaachia, na watu wazima wakasema "Eee!" kwa pamoja. Ndiyo sababu tulichelewa kuondoka Karuzi, na sikuwa na moyo wa kumharakisha. Mtu aliyefanya kazi nzuri mwacheni aonyeshe.

Mbele kidogo, mchungaji mmoja alikuwa anavusha ng'ombe. Tulisimama. Alipoiona pikipiki aliweka fimbo yake begani, akapaza sauti ya taratibu:

"Amashyo!"

Hiyo ni salamu ya heshima, ya kumtakia mtu makundi ya ng'ombe. Lakini hakutuangalia sisi. Alikuwa anausalimu usukani. Idi akamjibu inavyopaswa. Mchungaji akapitisha kiganja kwenye pembe yote, kutoka shina hadi ncha.

"Pembe nzuri," akasema. "Ameshazaa?"

"Bado," Idi akajibu, uso mkavu.

"Atazaa."

Tukaendelea na safari. Nilidhani Idi amechoka. Kisha mabega yake yakatikisika, nikajua anacheka, au kitu cha karibu na kucheka. "Umesikia, Konso?" akapaza sauti juu ya kelele za injini. "Amesema itazaa. Donke, lazima mi nitengeneze nyingine."

Tuliingia Muyinga wakati wa maghribi, tukalala kwa shangazi yake Idi. Kulikuwa na chapati na chai ya maziwa, na majirani waliokuja na taa za simu ili waione pikipiki vizuri. Mume wa shangazi, aliyeendesha malori ujana wake, aligusa taa ya mbele, akaukagua ukingo wake uliobonyea, kisha akaanza kucheka peke yake.

"Hii taa ni ya Chongo."

"Chongo nani?" nikamuuliza.

"Lori ya kahawa. Ilikuwa inakuja hapa kila msimu, na taa moja tu ndiyo ilikuwa inawaka. Tuliita Chongo. Ukiona jicho moja linapanda mlima, unajua ni babake Idi." Akaibusu taa, mzee yule, bila kuona aibu mbele ya majirani. "Bon. Basi hii ndiyo jicho nzima."

Idi alitoka nje akasema anakwenda kuangalia mnyororo. Mnyororo haukuwa na shida yoyote.

Muyinga hadi Buhinyuza

Jumamosi tuliondoka mapema, na kwa saa nzima tulikuwa watu wenye bahati. Barabara ya udongo ilikuwa kavu, pande zote majani ya kiangazi yamegeuka rangi ya simba, na mbele tuliona vilima vya Buhinyuza. Kisha kwenye mteremko mmoja nikasikia "tak!" ndogo, kama uzi unaokatika kwenye sindano. Idi aliminya klachi na kishikio kikaja chote, kimelegea, bila kushika kitu.

Waya wa klachi ulikuwa umekatika. Bila waya huo huwezi kutenga injini na gurudumu, na bila kutenga, gia hazibadiliki. Mwenye mguu mzima anaweza kulazimisha kwa kisigino. Kwa mashine hii, mkono ndio uliokuwa kila kitu.

Idi alikaa chini kando ya barabara. "Mi nimemwambia Ezekieli usiogope. Mi ndiye nimesema vile."

"Inuka," nikamwambia. "Tuisukume. Mahali penye kilima pana baiskeli, na penye baiskeli pana fundi wa baiskeli."

Tukasukuma, na fundi alikuwapo, kwenye njia panda, na matairi yake yametundikwa mtini. Alisikiliza shida yetu huku akitafuna muwa. Waya wa breki ya baiskeli una kichwa kinachofanana na cha klachi, ila ni mwembamba mno.

"Niwape wa mbele au wa nyuma?" akauliza.

"Wote wawili," Idi akasema, na nikaona rangi ikimrudia usoni.

Wakazisokota nyaya mbili kuwa waya mmoja, kama akina mama wanavyosokota ukili wa mkeka. Kazi hiyo haiharakishwi. Kivuli cha mti kilikuwa kinakaribia shina, na kila nikikitazama nilimfikiria Ezekieli amesimama parkingi na gongo lake. Hatimaye Idi akabonyeza kitufe. Injini ikakohoa, ikazima. Akabonyeza tena. Ikanguruma. Fundi wa baiskeli akarusha muwa wake juu.

Kwa furaha ile Idi akachukua simu akapiga namba ya Ezekieli. Aliyepokea alikuwa Neema, kwa sababu mumewe alikuwa ameiacha simu nyumbani kwenye chaji ya sola.

"Alo! Ezekieli hayupo? Neema, sikia, ni Idi wa Gitega! Moto imewaka! Ndiyo, imewaka kabisa! Ilikuwa imezimika hapa chini, sasa imewaka tena na nguvu, inakuja kwenu! Waambie watu wote wakuje! Alo? Alo?"

Mtandao ukakata. Idi akatabasamu. "Amefurahi sana. Amepiga kelele."

"Lakini Idi, ilikuwa siri."

"Ah! Mi sikutaja Ezekieli ataendesha. Nimesema moto tu."

Na mimi niliyekulia Kigoma, mwenye Kiswahili cha redio, nilikuwa nimeishi Gitega muda mrefu kiasi kwamba nilisikia sentensi hiyo yote na sikushtuka.

Kilimani kwa Ezekieli

Tulifika parkingi jua likiwa karibu na utosi. Hapakuwa na mtu. Si pikipiki, si Prezida, si Ezekieli. Muuza mandazi peke yake alikuwa amesimama juu ya ndoo yake akitazama mbali.

"Wako wapi wote?" nikamuuliza.

"Hamjasikia? Kwa Ezekieli kunaungua. Moto mkubwa, unatoka bondeni. Neema ametuma watu wapige filimbi."

 Nyumba ya mtu kuungua, siku hiyo hiyo! Idi aligeuza mashine kwenye uwanja mpana wa parkingi, na tukashuka kwa kasi kuelekea kwa Ezekieli. Njiani tuliwapita watu wa kilima kizima: wenye ndoo, wenye matawi mabichi ya migomba, waendesha pikipiki na madumu ya maji mawili mawili, mtawa mmoja mwenye birika. Wote walitazama bondeni kutafuta moshi, na wote walitupisha njia kama watu wanaokuja kuokoa.

Nyumba ilikuwa nzima. Nje yake kulikuwa na godoro, masufuria, kuku wamefungwa miguu, na ukuta uliomwagiwa maji hadi ukageuka matope. Ezekieli alikuwa ameketi nyuma ya Prezida kwenye pikipiki ya Prezida, gongo mkononi, anahema. Neema alitujia mbio na ndoo, kitambaa kimemlegea kichwani.

"Ninyi ndio mlionipigia? Moto uko wapi?"

Idi akashuka, akanyoosha shati, akapiga tangi kwa kiganja kama baba anayemtambulisha mwana.

"Si hii hapa!"

 Maji yalidondoka ukutani.

Hapo ndipo nilipoelewa, na ikanibidi mimi nieleze, maana Idi alikuwa bado anatabasamu akisubiri pongezi. Nilieleza polepole kwamba kwa huyu bwana, moto ni pikipiki. Kwamba pikipiki ilikuwa imezimika, kisha ikawaka. Kwamba ilikuwa inakuja. Kicheko kilianza nyuma kwa yule mtawa na kikaja mbele kama upepo. Watu walikaa chini kwenye matope yao wenyewe wakicheka.

Prezida hakucheka. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini. "Mi nimemwaga maji ya kunywa ya mama yangu," akasema. "Amechota mbali."

Neema naye hakucheka. Alitazama fimbo ya gia, kiti kilichoshushwa, kisha mume wake. "Kwa hiyo hawa ndio wageni wa Gitega."

"Neema, mke wangu..."

"Wageni wenye magurudumu."

Ezekieli aliinamisha kichwa.   Prezida akaingilia kati.

"Jua liko utosini. Wanachama wote wako hapa, wala hawakuwahi kukamilika namna hii. Na kilima ni hiki." Akaonyesha njia inayopanda kutoka kwa Ezekieli hadi barabarani, yenye mwinuko mkali kuliko ule wa parkingi. "Abiria ni nani?"

Wanaume walitazama viatu. Nikainua mkono, Prezida akautikisia kichwa. "Nyinyi mumeitengeneza, mutaisifu tu hata mukianguka. Nataka mtu wa hapa."

Neema akaweka ndoo chini. "Mimi."

"Wewe?" Ezekieli akashangaa. "Si uliapa hutaki kuniona..."

"Nikikaa nyuma sitakuona. Nitaona mgongo."

Ezekieli akapanda. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuikalia, na nilitazama wayo wake wa kulia: ulikaa chini wote, kama tulivyopima. Idi alimwonyesha mara chache, minya, sukuma, achia. Neema akaketi upande wa nyuma, akamkamata mumewe mabega yote mawili, na wakaanza kupanda.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Kisha injini ikaanza kulia. Alikuwa bado kwenye gia ya kwanza na alihitaji ya pili, lakini kila alipopeleka mkono wa kushoto kwenye fimbo, Neema kwa hofu alizidi kulikaza bega lile, na mkono haukufika. Katikati ya kilima, mahali pabaya kuliko pote, akapunguza mafuta ili ajaribu tena, na injini ikazima.

 Idi alishika kikwembe changu kwa ngumi.

"Ezekieli, tunarudi nyuma!"

"Haturudi. Breki nimeishika. Ila wewe umenishika mimi."

"Nishike wapi sasa?"

"Kulia. Na mkono mwingine shika chuma cha nyuma ya kiti. Kushoto niachie, Neema. Huo ndio mguu wangu."

Alihamisha mkono. Tuliona wote, kidole kwa kidole.

Ngoja nieleze alichofanya, kwa sababu kuanza katikati ya mlima ndiko kunakowaangusha hata wenye miguu miwili. Wayo wa kulia ulikuwa ardhini, na mkono wa kushoto ukaminya klachi. Mkono wa kulia, vidole vimeshika breki ya mbele, dole gumba likabonyeza kitufe. Injini ikawaka. Kwa mkono ule ule akaongeza mafuta. Mkono wa kushoto ukaachia klachi taratibu, na kwa taratibu ile ile vidole vya kulia vikaiachia breki. Pikipiki nyingine ingeinua gurudumu la mbele kwa uzito wa nyuma. Hii, kwa ile miguu yake mirefu iliyochekwa Gitega na Bugendana, ilishika ardhi kama ng'ombe anayepanda kutoka mtoni. Ikasogea. Ikasogea tena. Kisha tukasikia "klak", safi kabisa: gia ya pili.

Honi zote za Buhinyuza zililia pamoja. Idi alikuwa anapiga kelele, "Waya ya baiskeli! Mumeona? Waya ya baiskeli!" na hakuna aliyejua anazungumza nini.

Prezida alipanda kwa miguu hadi juu. Tulipofika nasi tunahema, alikuwa ametoa fulana ya Ezekieli kwenye mfuko wake, imekunjwa vizuri. Ezekieli alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono yote, kama anayeogopa ukiachiwa utaondoka, kwa hiyo Prezida akampa Neema. Neema akamvalisha mumewe akiwa nyuma yake hapo hapo, akainyoosha namba mgongoni kwa kiganja, kisha akamwambia, "Haya, nirudishe nyumbani. Nina godoro nje."

Sasa Ezekieli yuko kazini kila siku. Idi ameshapata chuma cha kuanzia nyingine. Na wewe, ukifika Buhinyuza na ukampata, panda bila wasiwasi: mkono wa kulia uweke kwenye bega lake la kulia, wa kushoto ushike chuma cha nyuma ya kiti, na bega lake la kushoto liache huru.